Lenzi Nyepesi, na Shiru Mgongoni

Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Jua hatujaliona tangu Jumamosi. Nguo za Shiru ziko kwenye kamba siku ya tatu na bado ukizishika ni kama zimetoka kwa beseni sasa hivi. Hiyo ndiyo Julai ya huku Dagoretti. Niko kitandani na blanketi miguuni, mtoto amelala kando yangu, naandika kwa simu na kidole kimoja.

Leo nimenunua lenzi.

Nimeandika hiyo sentensi halafu nikakaa nikaiangalia. Mimi niliyeachia shule Fomu Two, nina lenzi ya kupiga ndege na wanyama wa porini. Lakini sikuja hapa kujisifu, nimekuja kukiri. Nilikaribia kabisa kununua lenzi ambayo si yangu. Ndani yangu nilijua si yangu, na bado niliitaka.

Kwa wale wanaopita hapa mara ya kwanza: kabla sijaolewa nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Karen, kwa wazee wawili, mume na mke. Yule mzee alipenda ndege kuliko chakula. Walipohama alinipa kamera yake ya zamani pamoja na lenzi fupi iliyokuwa juu yake. Kamera bado ni nzima. Shida ni hiyo lenzi. Ukipiga ndege aliye juu ya mti, anatoka mdogo kama nzi ameketi ukutani. Picha nyingi mnazoziona hapa ni za ndege waliokubali kunisogelea wenyewe.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Loresho aliona hapa picha yangu ya chozi, kale kandege ka mdomo mrefu kanakonyonya maua. Ni mwalimu mstaafu wa chekechea, na mimi namwita Mwalimu tu. Anatengeneza chati za kutundika ukutani kwa shule ndogo. Anasema watoto wa Nairobi wanajua simba na twiga wa vitabuni, lakini ndege anayelala juu ya bati lao hawamjui jina. Akanipigia simu. Nikimletea picha kumi safi kufikia mwisho wa wiki ijayo, kazi ya mwaka mzima ni yangu. Nikishindwa, atatafuta mtu mwingine, bila ubaya.

Kazi ya kutembea chini ya miti asubuhi, na mtoto wangu mgongoni. Nilipokata simu nilipiga magoti hapo jikoni.

Hapo kwa mtoto mgongoni ndipo habari yote iko. Shiru ana miezi minane. Hataki chupa, hataki kikombe, hataki kijiko. Anataka mimi. Kama kazi inataka nimwache, basi hiyo kazi si yangu, hata iwe nzuri namna gani.

Mungu si wa mchezo, mwezi huu zamu ya chama ikanifikia. Chama chetu ni cha akina mama wa ploti hizi mbili, tunamchangia mmoja pesa kila mwezi kwa zamu, na kina sheria ambayo sijaiona kwingine. Ukipokea zamu yako, unanunua kitu kimoja, na Jumapili inayofuata wenzako wote wanakuja nyumbani kukiona. Wanakiombea, wanakigusa, wanakiimbia, wanakunywa chai. Tumeshaimbia tanki la maji. Tumeimbia friji na cherehani. Kuna siku tuliimbia mlango wa chuma. Mwenyekiti ni Mama Terry, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa roho nzuri na mdomo usio na breki. Yeye husema hivi: kitu cha chama lazima mtu akione akiwa bado getini.

Jumapili hii ni kwangu.

Basi jana Jumatatu nilienda tao, katikati ya jiji, kuchagua, na Shiru nikamwacha kwa Mama Terry. Nilimwambia ni kwa sababu ya baridi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Duka lenyewe liko juu, unapanda ngazi, na ndani hukosi wanaume wa kupiga picha za harusi na makoti yao ya mifuko mingi. Nikajiona nikiingia na leso, mtoto anadondosha mate kwa bega langu, wote wanageuka. Nikafikiria watanionyesha mfuko wa kubebea kamera halafu waniambie nirudi na mume wangu. Kwa hivyo nikavaa blauzi ya kanisa, nikafunga kitambaa kichwani vizuri, nikaenda na mgongo mtupu.

Ndiyo. Nilimwacha mtoto ili nionekane mtu wa maana.

Muuzaji anaitwa Otieno. Si mtu mbaya. Alikagua mdomo wa kamera yangu, akanitolea lenzi mbili zinazoingia, zote zimetumika. Moja ni ndefu, ya kufika milimita mia sita. Ni nzito, na ina mguu wake wa kusimamia stendi. Ya pili inafika mia nne, na ikiwa imekunjwa haizidi chupa ya chai ya mtoto wa shule. Kwa nyuma ya duka kuna kibaraza kinachotazama paa za majengo mengine. Mwewe mmoja alikuwa ameketi juu ya antena, amejikunja kwa baridi.

Nikampiga kwanza na ile kubwa. Jamani. Niliona unyoya wa shingo ukipepea. Niliona jicho lake la njano linaniangalia kama mimi ndiye mgeni. Halafu nikampiga na ndogo. Alitoka safi, mwewe kamili, lakini alikuwa mbali kidogo, na lile jicho nililitafuta nisilione.

"Madam, wacha nikuambie ukweli," Otieno akasema. "Hiyo ndogo ni ya kupiga watoto wakikata keki. Lakini hii? Ukiingia nayo mahali, hata soja wa geti anakupigia saluti."

Nilicheka, lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Nikaona Jumapili. Nikaona ile kubwa juu ya meza, kitambaa cheupe chini yake, Mama Terry akiibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Ile ndogo sasa wangeiimbia nini?

Otieno huwakodishia watu wa harusi lenzi kwa siku. Akaniambia niende na hiyo kubwa niijaribu, niache kitambulisho, leo saa nane nirudi na jibu. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nikaondoka nimeikumbatia kifuani.

Nilisikia kilio kabla sijafika getini. Si kilio hasa. Sauti ya mtoto wangu ilikuwa imekwisha, akifungua mdomo inatoka hewa tu. Mama Terry alikuwa anatembea naye huku na huku kwenye korido, leso imeanguka, nywele zimesimama.

"Kuja uchukue hii polisi yako," akaniambia. "Nimempa uji, ametema. Nimempa ndizi, ametema. Nimemwimbia, akanizaba kofi. Akikaa hapa dakika ingine atanifukuza kwa nyumba yangu."

Nilimnyonyesha nikiwa nimesimama, mlango wazi, lenzi bado iko begani. Shiru alinyonya akiniangalia machoni bila kupepesa. Sijui mtoto wa miezi minane anafikiria nini. Mimi nilikuwa nafikiria blauzi yangu ya kanisa.

Baba Shiru alirudi jioni. Yeye hupakia nyama kwenye gari pale machinjioni, na amefanya hiyo kazi mpaka mkono wake umekuwa mizani. Mpe mguu wa mbuzi, atakuambia uzito wake kabla haujafika kwa mizani yenyewe. Akaichukua lenzi, akaipandisha na kuishusha mara moja.

"Kilo mbili na robo," akasema. Halafu akamwinua Shiru vile vile. "Huyu ni nane na nusu." Akanitazama. "Na wewe mama yake uko na migongo ngapi?"

Nikakasirika. Nikamwambia lenzi si nyama. Akasema sawa, akachukua maji akaenda kuoga. Ananijua.

Leo asubuhi tulikuwa Loresho mapema, mimi na Shiru. Boma la Mwalimu linateremka mpaka kwenye kijito, na huko chini kuna miti mikubwa ambayo haijakatwa. Mwalimu alikuwa ameniambia kima hupita hapo asubuhi, na kama kuna picha moja anayoitaka kuliko zote, ni ya kima. Nilimfunga Shiru na leso kama kila siku, fundo juu ya kifua. Nikatundika kamera shingoni, na ile lenzi kubwa.

Sasa sikilizeni, haya ndiyo sikuyajua dukani. Lenzi ndefu ukiiinua, uzito wote unakuwa mbele, kwa hivyo mwili wenyewe unajivuta nyuma usije ukaanguka. Jana pale kibarazani nilijivuta nyuma na sikuona ubaya wowote.

Leo nyuma kulikuwa na mtu.

Kila nikiinua, Shiru anabanwa, ananisukuma kwa viganja vyake vidogo. Nikishusha, lenzi inagonga fundo la leso. Nikasogeza fundo pembeni. Nikajaribu kuegemea mti. Nikajaribu kupiga magoti, lakini kuinuka na kilo karibu kumi na moja kwenye nyasi zilizolowa, nikahitaji kushika tawi kama bibi wa miaka themanini. Kwarara, wale ndege wa mdomo uliopinda, walipita wanne wakipiga kelele zao, chini kabisa. Lenzi ilipofika machoni walikuwa wameshafika Kangemi.

Halafu kima wakaja. Walikuwa kama saba, kimya kabisa, unaona tu matawi yakicheza. Wa mwisho alikuwa mama, mtoto wake amemng'ang'ania tumboni. Akaketi kwenye tawi la chini, akaanza kumchambua mtoto masikio. Nikainua. Nikajivuta nyuma. Shiru akarusha miguu, na nikasikia leso ikilegea.

Fundo lilifunguka.

Sijui nilifanya nini kwanza. Najua nilianguka magoti, mkono umeenda nyuma, nikamdaka kwa sweta na mguu mmoja akiwa ameshafika kiunoni, kichwa chini. Lenzi ikazunguka na mkanda ikanigonga kidevuni. Kima wote wakapotea. Nikabaki hapo kwenye matope nimemshika mtoto kifuani.

Shiru alikuwa anacheka. Alidhani ni mchezo mpya.

Mimi nililia. Nililia vizuri, kwa sababu niliiona kazi ya mwaka ikiondoka na wale kima. Nikawaza: basi, Mungu amenionyesha, ama mtoto ama picha.

Mwalimu alikuja mbio na ndara za nyumbani. Alimkagua Shiru kwanza, kichwa, shingo, mikono, vidole, kimoja kimoja, kama anamsajili shule. Halafu akaniangalia kidevu. Halafu ndiyo akaangalia ile lenzi.

"Ulipoichagua, mtoto alikuwa mgongoni?"

"Hapana, Mwalimu. Nilimwacha."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema baridi. Nikashindwa. "Nilitaka waniheshimu."

Hakucheka. Alichukua leso, akaikung'uta, akamrudisha Shiru mgongoni, akaifunga mwenyewe, ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, akavuta mpaka nikakohoa. Nilisimama tu kama mtoto wa chekechea anayevalishwa. "Mimi sikukupigia simu kwa sababu ya lenzi," akaniambia. "Yule chozi ulimpiga na kale kafupi kako. Enda utafute kitu mtabeba nyinyi wawili."

Nyinyi wawili. Nilirudia hayo maneno njia nzima mpaka tao.

Saa nane kasoro nikapanda zile ngazi, Shiru mgongoni, matope kwenye magoti. Ndani kulikuwa na wanaume watatu. Wote waligeuka, kama vile nilivyoogopa. Mmoja akamfanyia Shiru sura ya paka, Shiru akamwonyesha meno yake mawili, na mambo yakaishia hapo. Hayo ndiyo niliyokuwa nayakimbia.

"Aaa, leo umekuja na meneja!" Otieno akasema.

"Ndiye anayeamua," nikamjibu. "Nipe ile ya keki."

Nikatoka kibarazani. Safari hii sikutafuta jicho la ndege. Niliinua lenzi na kuishusha. Niliiinua kwa mkono mmoja, nikiwa na mwingine nyuma chini ya makalio ya Shiru. Niligeuka kushoto haraka, kulia haraka, kama ndege amepita. Niliinama na kuinuka. Niliangalia kama inagusa fundo, haigusi. Otieno alihudumia wateja wawili na mimi bado niko huko nje nafanya mazoezi kama mwanajeshi. Nilipoona kichwa cha Shiru kimelala kwenye mgongo wangu, mzito na wa joto, na mimi bado nimeinua kamera, hapo nikajua.

Sitawadanganya kwamba haina ubaya. Ikivutwa mpaka mwisho inameza mwanga, na kwa mawingu haya ya Julai nililazimika kuipandishia kamera mwanga mpaka picha ikatoka na chengachenga. Ina kile kitu cha ndani cha kutuliza mkono unaotetemeka, hicho kinasaidia, lakini ndege anayeruka hakimtulizi. Na mia nne haitakuwa mia sita hata niombe. Mwewe hakuwepo leo. Kulikuwa na njiwa tu. Njiwa alitoka mdogo kuliko nilivyotaka.

"Hiyo mia mbili iliyobaki utaililia," Otieno akaniambia akifunga boksi.

"Pengine."

Akaangalia kama wale wanaume wanasikia. Akanyoosha bega lake la kulia, likafika katikati likakataa. "Unaona hii? Ni hizo kubwa, miaka mingi ya harusi. Lakini nikisema hivyo nitauza nini?"

Akanirudishia kitambulisho, na kitambaa cha kufutia lenzi akaongeza bure. Nilimwambia aende hospitali aangaliwe hilo bega. Akasema ataenda. Hataenda, wanaume ni wale wale.

Mama Terry alikuwa ananingoja mlangoni kwangu, amekunja mikono kifuani.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapana, hiyo ni kifuniko. Nionyeshe yenyewe."

"Ndiyo hii, Mama Terry."

Aliichukua kwa mkono mmoja, akaizungusha, akachungulia upande mbaya. "Ati hii? Na ile ya jana ilikuwa kama bomba ya choo! Sasa Jumapili si tutaimba tukitafutana, ni nini tunaimbia?"

"Basi imbeni polepole. Ni nyepesi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta macho, akauliza kwa sauti ya chini, "Na polisi? Ataendelea kuachwa kwangu?"

"Hataachwa."

"Bwana asifiwe," akasema, na nikajua ameipitisha lenzi yangu, hata kama hataiombea kwa nguvu kama ile friji.

Bado inaniuma kidogo, nisiwadanganye. Nilitaka ile saluti ya geti. Mtu akitoka nilikotoka mimi, kitu kikubwa mkononi kina utamu wake. Nimejiuliza kama nitawahi kuimaliza hiyo kiu, ama nitakuwa nikiibeba tu kila mahali, nayo pia ina kilo zake.

Kabla sijaandika haya, mwanga ulikuwa bado upo kidogo, nikazunguka nyuma ya ploti na Shiru. Wale makorongo wakubwa wenye vipara, wanaongoja mabaki ya machinjio, walikuwa wamejipanga juu ya ukuta kama wazee kwenye matanga. Nikainua lenzi. Mbali sana. Nikashusha, nikatembea. Nikainua. Bado. Nikatembea tena, taratibu, na hapo ndipo nikagundua kitu: hawakunijali. Wapiga picha wangewakimbiza, lakini mwanamke na mtoto mgongoni wanamwona kila siku akianika nguo. Nilifika karibu mpaka Shiru akaanza kuongea nao lugha yake. Mmoja akainamisha kichwa kutusikiliza.

Nikapiga.

Picha ina giza, ina chengachenga pembeni. Lakini jicho limo. Na kuna nyuzi tatu za manyoya kichwani ambazo sikuwahi kujua anazo, na nimeishi naye jirani miaka minne. Nimemtumia Mwalimu. Amejibu neno moja, "Moja," kwa hivyo nafikiri ameihesabu.

Bado tisa.

Shiru amegeuka, anapapasa shuka akinitafuta. Wacha nimalizie hapa. Asubuhi mvua isiponyesha tutateremka tena kule kwenye kijito kumtafuta yule mama kima. Atakuwa juu, atakuwa mbali, na hii lenzi haitamfikia. Tutasogea polepole, sisi wawili, mpaka atuzoee.